Mlango wa Usiku

Somo kwa wazee, walimu na wainjilisti: jinsi simu iwezavyo kuwafaa vijana wenye mzigo moyoni



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja nanyi jambo ambalo baba zetu hawakulijua, nalo limekwisha kuingia katika nyumba zetu, za mjini Dodoma na za vijiji vya Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, hata Manyoni. Jambo lenyewe ni hili: kijana mwenye huzuni nyingi siku hizi mara nyingi hamwendei mtu kwanza; huiendea simu. Basi yatupasa kuuliza, Katika simu ile atakuta nini? Na sisi tulio wazee na walimu wake, je, tumemwekea humo kitu cho chote cha kumfaa?

Twaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja wa nchi hii ya kati, sisi tuliopewa kazi ya kuwaangalia vijana tulianzisha kikundi cha WhatsApp. Nia yetu ilikuwa njema. Tuliwaingiza vijana wa kwaya na wa kipaimara, pamoja na wazazi na wazee kadhaa, hata wakawa watu zaidi ya mia. Humo tulipeleka matangazo ya mazoezi, habari za misiba na michango ya harusi. Usiku mmoja, yapata saa saba, binti mmoja wa kidato cha tatu akaandika maneno manne tu: "Mimi nimechoka na maisha."

Kulipokucha tukayasoma. Wa kwanza wetu akamjibu kwa picha ya mikono iliyounganishwa. Wa pili akampelekea mstari wa Maandiko. Wa tatu, naye ni mzee mwenzetu, akamwandikia ya kuwa kijana mwenye moyo wa shukrani hasemi maneno kama hayo. Kisha likaja tangazo la mchango, na baada yake mengine, na neno la binti yule likafunikwa. Kabla ya jua kuchwa alikuwa amejitoa katika kikundi.

Twamshukuru Mungu kwamba yu hai. Baada ya majuma mawili mama mmoja wa usharika alikwenda nyumbani kwao, akaketi naye jikoni wakichambua mboga, wala hakumhimiza kusema. Siku ya tatu ya kwenda kwake binti akafungua kinywa. Mwisho akasema hivi: "Mama, mimi sikutaka jibu. Nilitaka mtu mmoja aniulize, Una nini? Lakini nilijibiwa na watu watatu mbele ya watu mia."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike somo hili. Simu haikuwa na kosa, wala wale watu watatu hawakuwa wabaya. Kosa lilikuwa katika namna tulivyokijenga kile kikundi. Tulimjengea uwanja wa mkutano, naye alihitaji mlango mmoja wa kubisha usiku, na mtu nyuma yake.

I. Mzigo huu ni wa namna gani?

Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hata 19, mmoja ana ugonjwa fulani wa akili. Tena lasema kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hata 29, na ya kuwa katika mwaka 2021 peke yake watu zaidi ya 720,000 walikufa kwa njia hiyo duniani. Basi katika darasa la kipaimara lenye vijana ishirini na mmoja, si ajabu watatu wakawa wamebeba mzigo huu, nao wameketi mbele yetu na vitabu vyao mkononi.

Mmoja wa magonjwa yaliyo mengi kati yao huitwa sonona. Sio ile huzuni ya siku moja au mbili ambayo kila mtu huionja. Ni huzuni idumuyo majuma mawili au zaidi, karibu kila siku. Usingizi hupotea au huzidi. Chakula hakina ladha. Kijana aliyependa kuimba hapendi tena. Hujiona hana thamani. Na masomo hayaingii kichwani. Wengine huwa na wasiwasi usiokoma, moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka, wala hapana kitu cha kuogopa mbele yao. Hayo si uvivu, wala si ukaidi, wala si dalili ya kukosa imani, wala si kurogwa. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao una matibabu.

Sababu zake nyingi twazijua, maana twakaa nazo. Mvua ikikosa kunyesha kati ya Desemba na Aprili, uwele na mtama hukauka shambani, na ada ya shule haipatikani. Wako wasichana wanaopelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani wangali wadogo, nao hurudi hawataki kusimulia waliyoyaona. Wako walioanguka katika mtihani wa kidato cha nne, nao wahesabu kwamba maisha yao yamekwisha siku ile matokeo yalipotangazwa. Wako waliofiwa na wazazi, nao hawakulia kwa kuwa waliambiwa wajikaze. Walakini ugonjwa huu huwapata pia watoto wa nyumba zenye chakula na amani, kwa hiyo tusimwambie mtu, "Wewe umekosa nini hata ukahuzunika?"

II. Kwa nini haendi hospitali?

Mtu aweza kusema, "Sisi wa Dodoma hatuna haja ya simu, maana hospitali yenyewe iko kwetu." Na kweli iko. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, nayo ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Karibu yake ni Isanga, wanakopelekwa wagonjwa wa akili waliofikishwa mahakamani. Wagonjwa huja hapa kutoka mikoa yote ya nchi.

Lakini tazameni tulivyolifanyia jina la Mirembe. Watoto wakigombana barabarani, mmoja humwambia mwenziwe, "Wewe wa kupelekwa Mirembe." Jina la nyumba ya kuponya watu tumeligeuza kuwa tusi, na tusi hilo halisikiki Dodoma tu, bali nchi nzima. Basi kijana akae mtaa wa pili kutoka lango la hospitali ile, atalizunguka kwa mbali asije akaonwa na jirani.

Sisi Walutheri ingetupasa kuwa wa kwanza kuikataa dharau hii. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisioni kutoka Ujerumani walijenga nyumba mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba ile ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, watu ambao hapana aliyetaka kuwapokea. Hospitali ya Lutindi ingaliko hata leo katika kazi ya Kanisa letu. Kutunza wagonjwa wa namna hii ni kazi yetu ya tangu zamani.

Hata hivyo aibu haiondoki kwa somo moja. Na wakati sisi tungali tukiing'oa, kijana anahitaji mahali pa kusema bila kuonwa. Ndiyo maana twasema habari za simu.

III. Waliofungua mlango kabla yetu

Sisi si wa kwanza kulifikiri jambo hili. Na tuangalie waliotutangulia, tukianza kwa mbali, kisha tuje karibu.

Katika mwaka 1935, mchungaji kijana wa Kanisa la Anglikana huko Uingereza, jina lake Chad Varah, alimzika msichana wa miaka 14. Mtoto huyo alijiua kwa sababu alipoanza hedhi alidhani amepatwa na ugonjwa mbaya, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza. Jambo hilo halikumtoka mchungaji moyoni. Mwaka 1953, katika kanisa lake mjini London, aliweka simu moja, akatangaza ya kuwa mtu ye yote anayefikiri kujiua apige. Watu wakapiga, na wengine wakaja wenyewe. Walikuwa wengi, ikawabidi kungoja. Washarika wa kawaida wakajitolea kuwapa chai wale waliongoja na kuketi nao. Ndipo mchungaji akaona jambo asilolitazamia: wengi wakiisha kuzungumza na wale watoa chai hawakuhitaji tena kumwona yeye. Walichohitaji ni mtu wa kuwasikiliza asiyeharakisha kuwahukumu. Akawakabidhi wale washarika kazi yenyewe, na chama chao, Samaritans, chaendelea hata leo.

Sasa tuje Afrika. Dixon Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili katika Zimbabwe. Mgonjwa wake mmoja alijiua mwaka 2005. Jamaa zake walitaka kumleta hospitali, lakini nauli ya basi iliwashinda. Tangu hapo daktari akaona kwamba haifai kuwangoja wagonjwa hospitalini. Matibabu yawafuate waliko. Mwaka 2006, mtaa wa Mbare mjini Harare, akaanza kazi na kina bibi 14, akawafundisha kuketi bencini nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Kwanza aliliita Benchi la Afya ya Akili. Kina bibi wakamwambia kwamba kwa jina hilo hapana atakayekuja. Wakaliita Benchi la Urafiki, na watu wakaja. Wataalamu wakaipima kazi hiyo kwa wagonjwa 573, na habari zake zikachapwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, katika watu waliopata matunzo ya kawaida karibu nusu walikuwa wangali na dalili za sonona, katika wale walioketi na kina bibi walikuwa 14 tu katika kila mia. Kazi hiyo imefika Malawi na hata Zanzibar.

Karibu zaidi nasi ni Kenya. Huko wako watu wa taasisi iitwayo Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya kijana, Tom Osborn. Wao hawakuwaita wanafunzi wagonjwa. Waliwafundisha mambo matatu: kwamba mtu aweza kukua na kubadilika, kwamba yafaa kushukuru, na kwamba kila mtu ayajue mambo anayoyathamini na kuyatenda. Waliofundisha ni vijana waliomaliza sekondari si zamani. Tena, katika jaribio lililochapwa mwaka 2020, mafundisho hayo yalitiwa katika kompyuta. Wanafunzi 103 wa shule moja ya sekondari waligawanywa makundi mawili: wengine walisoma mafundisho haya na kuandika mawazo yao, wengine walipewa somo la namna ya kujisomea. Ilikuwa ni mara moja tu. Baada ya majuma mawili, dalili za sonona zilikuwa zimepungua zaidi katika lile kundi la kwanza. Basi hatuwezi kusema ya kuwa chombo cha namna hii hakiwafai watoto wa Kiafrika, kimekwisha kujaribiwa.

Na katika nchi yetu wenyewe iko namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, iendeshwayo na chama cha C-Sema pamoja na serikali. Mtoto au mzazi hupiga bila malipo. Twasikitika kusema kwamba wengi wetu twaijua namba ya kununulia umeme, lakini hii hatuijui.

IV. Namna ya kuujenga mlango

Sasa tuseme usharika, au shule, au mafundi wa programu, wanataka kuwajengea vijana mahali pa kusemea katika simu. Waangalie nini? Kutoka katika habari tulizozisoma, na katika kosa letu, twaona mambo saba.

La kwanza ni jina. Kina bibi wa Harare walilijua jambo hili kuliko daktari. Kijana akiona neno "ugonjwa wa akili" juu ya mlango hatabisha, na kama ameazima simu ya kaka yake hatathubutu hata kuufungua. Jina liwe la kawaida, lisilomtangaza mtu.

La pili ni lugha. Mtoto wa Kigogo, Kirangi au Kinyaturu huenda hajui neno sonona. Hujua kusema kwamba moyo ni mzito, au mawazo yamezidi, au usiku halali. Programu iulize kwa maneno hayo, kwa Kiswahili chepesi. Na maneno hayo yakusanywe kwa vijana wenyewe kabla ya fundi kuanza kazi yake, wala si baada ya kuimaliza.

La tatu ni gharama. Simu kubwa yenye intaneti huhitaji bando, na kijijini huhitaji pia mahali pa kuchaji. Wengi wana simu ndogo ya vitufe, na mara nyingi ni moja kwa nyumba nzima. Basi mlango ukifunguka kwa bando tu, umewafungia walio maskini, nao ndio wenye mizigo mikubwa. Uwezekane pia kufunguliwa kwa ujumbe mfupi na kwa kupiga bure.

La nne ni siri. Hapa hata wenye nia njema hukosa. Wale Samaritans tuliowasifu, mwaka 2014 walitengeneza programu iliyochungulia maandishi ya watu katika Twitter, ikamwarifu rafiki kila alipoandika mtu maneno ya kukata tamaa. Walitaka kuokoa watu. Walakini walioandika hawakuombwa ruhusa, na wengi wakalia kwamba adui naye aweza kuitumia habari hiyo kumwonea mtu aliye dhaifu. Hazikupita siku kumi wakaiondoa. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo huhesabu habari za afya na za watoto kuwa nyeti. Basi wajenzi waulize machache tu: pasipo lazima ya jina, jina lisiulizwe. Na kijana aelezwe tangu mwanzo mpaka wa siri: ya kuwa maneno yake hayatatoka, isipokuwa uhai wake au wa mwingine umo hatarini, na hapo ataambiwa ni nani atakayejulishwa.

La tano ni kwamba mlango usiwe mtego. Viko vyombo vilivyotengenezwa ili mtu asitoke: picha hazina mwisho, kengele hulia usiku kucha, na idadi ya sifa huwekwa wazi ili kila mtu ajilinganishe na mwenziwe. Mbaya zaidi, mashine humletea mtu mengi ya yale aliyoyatazama. Aliye na huzuni huletewa huzuni. Katika Uingereza binti wa miaka 14 alikufa kwa kujiumiza mwaka 2017. Mwaka 2022 afisa wa sheria aliyechunguza kifo chake alikata shauri ya kuwa mambo aliyoyaona mtandaoni yalichangia kifo hicho, wala si kwa sehemu ndogo. Kwa hiyo chombo cha kuwasaidia vijana kisipimwe kwa saa wanazokaa ndani yake. Kipimwe kwa hili: je, kijana amelala usingizi? Amerudi shuleni? Amepata mtu wa kusema naye?

La sita ni mtu nyuma ya mlango. Siku hizi ziko mashine zinazojibu kama mtu, nazo hazichoki wala hazidai mshahara. Wengine husema zitatosha. Mwaka 2023 chama kimoja cha Marekani, kilichowahudumia watu wenye ugonjwa wa kujinyima chakula, kilikuwa na mashine ya namna hiyo. Ikaonekana inawapa watu mashauri ya kupunguza uzito, yaani sumu kwa ugonjwa ule ule, ikazimwa. Hatusemi mashine haina kazi. Yaweza kuonyesha njia, kukumbusha, na kufundisha kama kule Kenya. Lakini aandikaye saa saba za usiku kwamba amechoka na maisha asiachwe na mashine peke yake. Pawepo mtu aliyefundishwa, mwenye zamu, naye pia awe na mtu wa kumtua mzigo asubuhi, asije akavunjika yeye. Na kama usharika hauwezi kuweka mtu usiku, usijifanye unaweza. Uandike wazi saa zake, na uonyeshe namba ya wale walio macho.

La saba ni njia ya kuendelea mbele. Kusikilizwa hakutoshi kwa kila mtu. Wako wanaohitaji dawa na daktari. Basi nyuma ya mlango pawe na njia ijulikanayo: zahanati ipi, siku gani, amwulizie nani, nauli itoke wapi, na nani atakayemsindikiza. Yule mgonjwa wa Zimbabwe hakukosa hospitali, alikosa nauli. Simu nzuri isiyo na nauli mwisho wake ingemwacha pale pale.

V. Mjini Dodoma tunavyo vyote

Tukiyahesabu mambo hayo saba, twaona kitu cha kutuaibisha na kututia moyo pamoja. Katika mji mmoja wa Dodoma iko Hospitali ya Mirembe yenye madaktari na wauguzi wa kazi hii. Kiko Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinachofundisha vijana wengi kazi ya kompyuta. Na ziko sharika zenye kina mama kama yule aliyekwenda kuchambua mboga, watu wanaojua kuketi na kunyamaza. Daktari ajua ugonjwa, fundi ajua simu, mama ajua mlango wa nyumba. Kila mmoja akifanya peke yake, daktari atawangoja wagonjwa wasiokuja, fundi atatengeneza programu asiyoihitaji mtu, na mama hatajua ni nyumba ipi aiendee. Wakiketi pamoja, na vijana wakiwa kati yao, mlango wawezekana.

Walakini tusingoje programu ndipo tuanze. Kikundi cha simu cha usharika wenu kiko tayari, na mwezi huu huu mwaweza kukitengeneza. Chagueni watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, wanaoaminiwa na vijana wenyewe. Vijana ndio wawachague. Watangazwe kwamba mtu aweza kuwaandikia peke yao. Namba 116 iandikwe juu ya kikundi na katika ubao wa matangazo. Na kanuni moja ikubaliwe na wote: mtu akiandika neno la kukata tamaa, hapana atakayemjibu mbele ya wengine kwa shauri wala kwa karipio, mmoja wa wale wawili atampigia simu upesi, na ikiwezekana atamwendea siku ile ile.

Akimwendea, na aulize wazi, "Je, umefikiri kujiua?" Wengi huogopa swali hili, wakidhani litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Uchunguzi wa wataalamu umeonyesha kwamba sivyo. Mara nyingi aulizwaye hupata nafuu, kwa kuwa hatimaye aweza kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, naye apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

Yule binti wetu amemaliza shule. Sasa yeye mwenyewe ni mmoja wa wawili waliochaguliwa katika usharika ule. Tulipomwuliza ni jambo gani la kuwaambia wasomaji wa gazeti hili, alifikiri kidogo, akasema, "Waambieni wasiandike marefu. Waulize, halafu wangoje."

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Katika kikundi cha simu cha usharika wenu, kijana akiandika usiku kwamba amechoka na maisha, itatokea nini kabla ya asubuhi? Jibuni kama ilivyo, si kama mnavyotamani iwe.

2. Kwa nini kina bibi wa Harare walikataa jina la kwanza la benchi? Ni maneno gani ya kwetu yanayowafukuza vijana wasitafute msaada?

3. Katika kijiji chenu, kijana asiye na simu yake mwenyewe abishe wapi?

4. Soma tena jambo la nne. Mpaka wa siri uko wapi, na ni nani katika usharika wenu awezaye kuushika?

5. Nauli ya kumpeleka mgonjwa mmoja hospitali ni kiasi gani kutoka kwenu? Imewekwa katika mfuko gani, na nani ana ufunguo?